Zebaki ya machimboni: kwa nini utafiti huchelewa kuwa sheria



Tumepokea suali kutoka kwa mama mmoja anayeishi Majengo, Dodoma, mzaliwa wa Pemba aliyeolewa bara miaka mingi iliyopita. Mwanawe ni mnunuzi mdogo wa dhahabu. Huenda Sekenke na Londoni, mkoani Singida, akanunua kwa wachimbaji wadogo, akarudi na mzigo wake nyumbani, na usiku huuweka juu ya jiko la mkaa uani ili zebaki iliyobakia ndani ya dhahabu imalizike kutoka. Mkewe ana mimba ya miezi mitano. Mama alipomkataza, kijana alimjibu kwa adabu kwamba zebaki inauzwa, serikali haijaipiga marufuku, na watafiti kila mara huja machimboni, wakachukua mikojo na nywele za watu, wakaondoka na hakuna lililobadilika. Mama anatuuliza: je, kazi hii ina dhambi? Na kama zebaki ni sumu kweli, mbona wakubwa wameiacha?

Suali la kwanza jibu lake si refu na tutalifikia. Tumeona tuanze na la pili, kwa sababu kijana amejenga hoja yake yote juu ya hapo, na si yeye peke yake. Hoja kama hii tunaisikia pia kwa vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaokwenda bara kutafuta riziki kwenye machimbo. Wanaona kwamba jambo lisilokatazwa na serikali ni jambo lisilo na madhara. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na anayejua njia ambayo utafiti hupita mpaka ukawa sheria hatayachanganya.

Tuanze na zebaki yenyewe. Mchimbaji mdogo husaga mwamba kwenye karasha mpaka uwe unga, akausuuza kwa maji, kisha akatia zebaki. Zebaki hunasa chembe za dhahabu na kufanya donge la rangi ya fedha. Donge likikamuliwa kwa kitambaa na kutiwa motoni, zebaki hugeuka mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, basi hata aliyeinamia moto hajui anachovuta. Na dhahabu inayouzwa pale machimboni huwa bado imeficha zebaki ndani yake. Mnunuzi akiipasha moto tena, hiyo ndiyo inayosambaa katika ua wa Majengo.

Wako wanaosimulia kuwa fulani alimeza tone la zebaki na mpaka leo yu hai, wakalifanya hilo kuwa ushahidi wa usalama. Jambo hili lina historia katika elimu ya Waislamu. Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Rayy aliyefariki mwaka 925 hivi, alimnywesha kima zebaki ili aone itamfanya nini, na hakuona kubwa zaidi ya maumivu ya tumbo. Aliandika alichokiona, na alichokiona ni kweli: zebaki ya majimaji ikimezwa, karibu yote hupita tumboni na kutoka. Mvuke wake una habari nyengine. Ukivutwa puani, kiasi cha asilimia 80 hubaki mwilini. Kutoka mapafuni huingia kwenye damu, hufika kwenye ubongo na mafigo, na kwa mwanamke mwenye mimba huvuka kondo la nyuma ukamfikia mtoto. Basi anayemeza na anayevuta hawalingani hata kidogo, na mkwe wa mama huyu yumo katika wanaovuta.

Tuje kwa watafiti ambao kijana anasema huja na kuondoka. Katika miaka ya tisini kulikuwa na hofu kwamba dhahabu ya ukanda wa Ziwa Viktoria imewatia sumu samaki wa ziwa zima. Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake Akagi kutoka Japani walipima samaki na nywele za watu, wakachapisha majibu yao mwaka 1996. Samaki walionekana kuwa na zebaki kidogo. Mzigo mkubwa ulikuwa kwa wale wanaoishika na kuichoma zebaki kwa mikono yao. Utafiti huo ulichangia kugeuza suala: badala ya kuwatisha walaji samaki, jicho likaelekezwa kwenye moto wa mchomaji.

Mwaka 1999 yakatoka majibu ya kundi la Dkt. Masazumi Harada, naye ni Mjapani, waliopima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakaazi wa mji wa Mwanza. Humo walikutwa watu wenye zebaki nyingi ambao hawajawahi kukanyaga machimboni. Chanzo kilikuwa sabuni ya kung'arisha ngozi. Mama zetu na dada zetu wa visiwani tunawaomba wasiipite sentensi hiyo haraka. Jambo hilo lilichukua miaka mingi kufika kwenye meza za mikataba: ilikuwa mwaka 2023, mjini Geneva, ndipo nchi zilipokubaliana kwamba ukomo wa kutengeneza na kusafirisha vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki uwe mwaka 2025. Kati ya majibu ya Mwanza na makubaliano hayo ni miaka 24. Msichana aliyezaliwa mwaka wa majibu yale alikuwa ameshafikia umri wa kuolewa.

Kisha mwaka 2003 mradi wa Umoja wa Mataifa uliosimamiwa na UNIDO ulipeleka madaktari na wataalamu wa mazingira Rwamagasa, wilayani Geita. Walipima mkojo, damu na nywele, na wakawatazama watu wenyewe: anavyoandika, anavyotembea, kama kidole chake kinafika puani bila ya kutetemeka. Wachomaji ndio waliozidi kwa zebaki mwilini na kwa dalili za kutetemeka na kuyumba. Mtu akiwa na mikono inayotetemeka huko kwetu husemwa ana uzee au amerogwa. Kumbe kuna kipimo.

Sasa, kama haya yalijulikana, kwa nini sheria haikuja siku ya pili yake?

Kuna mji uliolipa bei kubwa kutufundisha jibu la suali hili, nao ni Minamata, Japani. Tarehe 1 Mei 1956 ugonjwa usiojulikana uliripotiwa rasmi pale: watoto hawawezi kusimama, paka wanaanguka baharini. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walisema chanzo ni zebaki. Mwaka huo huo daktari wa kiwanda chenyewe, kiwanda cha Chisso, alimlisha paka maji machafu ya kiwandani na paka akapata ugonjwa ule ule. Majibu yake yalifichwa. Serikali ya Japani ilikuja kukiri rasmi mwaka 1968, baada ya kiwanda kuacha mtambo ule. Miaka tisa tangu elimu ipatikane mpaka hatua ichukuliwe, na muda wote huo watu wanakula samaki wa ghuba ile na wanawake wanazaa watoto walioathirika tumboni. Harada tuliyemtaja hapo juu ndiye aliyeshughulika na watoto hao kabla ya kufika kwetu.

Tunachokiona hapo ni kwamba utafiti hausafiri wenyewe. Unahitaji mtu wa kuuchukua: mgonjwa anayedai, wakili anayefungua kesi, mwandishi anayeandika, mbunge anayeuliza, afisa anayethubutu kusaini. Na mbele yake wamesimama wanaopata hasara ukifika. Wakati mwengine wanaosimama mbele yake ni maskini wenyewe, kwa sababu ndiyo riziki yao.

Hapo ndipo ilipo Tanzania katika suala la zebaki. Wachimbaji wadogo nchini wanakadiriwa kupindukia milioni moja kwa madini yote. Ukiwapa wachimbaji wa dhahabu marufuku ya leo kwa kesho bila ya kuwapa njia nyengine, zebaki itauzwa gizani, na anayeuza gizani hawezi kukaguliwa. Hivyo mkataba wa kimataifa ulioitwa kwa jina la mji ule, Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Oktoba 2013, haukuipiga marufuku zebaki kwa wachimbaji wadogo. Unazitaka nchi zipunguze, na pale inapowezekana ziondoshe. Tanzania iliusaini mwezi huo huo wa Oktoba 2013, ukaanza kufanya kazi duniani tarehe 16 Agosti 2017, na sisi tukauridhia mwaka 2020. Na jambo si dogo: makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa kiasi cha asilimia 38 ya zebaki yote inayorushwa hewani na binadamu, kuliko viwanda vya makaa ya mawe.

Lakini mkataba huo huo umetaja mambo manne ambayo kila nchi yenye uchimbaji wa namna hii inatakiwa ichukue hatua za kuyakomesha. Kumwagia zebaki mwamba mzima uliosagwa. Kuchoma donge mahali pa wazi bila ya chombo cha kukamata mvuke. Kuchoma donge katika makaazi ya watu. Na kutia sayanidi kwenye marudio yenye zebaki kabla ya kuitoa zebaki hiyo. Angalia la tatu: makaazi ya watu. Watafiti walikwenda vijijini wakakuta mke na mtoto wa mchomaji nao wana zebaki mwilini, na neno hilo likaingia kwenye mkataba. Tena kabla ya mkataba, kanuni za Tanzania za mwaka 2010 za kulinda mazingira katika uchimbaji mdogo zilishamtaka mchimbaji atumie chombo cha kukamatia mvuke na avae vifaa vya kujikinga. Basi kijana aliposema serikali haijakataza, amesema nusu. Zebaki haijakatazwa. Anachokifanya yeye uani ndicho hasa ambacho nchi imejifunga kukikomesha.

Kuhusu chombo hicho, nacho kina somo lake. Ni kijungu cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke ili zebaki irudi kuwa maji na itumike tena. Kikitumiwa vizuri hukamata zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi. Walivigawa katika miradi mingi, na baada ya muda vikakutwa vimelala pembeni vimeshika kutu. Watafiti waliporudi kuuliza, majibu yalikuwa ya kibinadamu kabisa: kinachelewesha, dhahabu hutoka na rangi isiyopendeza mnunuzi, na zaidi ya yote, mtu haoni dhahabu yake ikiwa ndani ya chuma, naye hawaamini wenziwe. Ni kweli mtu aliyekesha shimoni siku nne hataki kuitoa machoni dhahabu yake hata kwa dakika kumi. Sera iliyoandikwa na mtu ambaye hakuuliza suali hilo hufia hapo hapo. Na hapa sisi tunasema kwa uwazi kwamba watafiti nao wana lawama yao. Anayechukua mkojo wa watu na asirudi kuwasomea majibu amekula haki yao, na ndiyo maana kijana wa Majengo anawadharau.

Wengine walijaribu njia isiyo na zebaki kabisa. Mwaka 2010 yalichapishwa majaribio ya kuwafundisha wachimbaji wa Tanzania kuyeyusha mchanga mzito wenye dhahabu kwa boraksi, njia waliyoitoa kwa wachimbaji wa Ufilipino. Boraksi ni ile chumvi nyeupe ambayo masonara wetu wa Unguja huitumia kila siku, wala si kitu kigeni. Ila haifai kwa kila mwamba, na inataka mtu awe ameshausafisha mchanga wake vizuri kwanza.

Vumbi tutalipita kwa ufupi, ingawa linaua pengine kuliko zebaki. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015 kutoka machimbo madogo ya Geita vilikuta vumbi la silika chini ya ardhi likizidi kiwango kinachopendekezwa kwa zaidi ya mara 300. Vumbi hilo hukausha mapafu na kuifungulia mlango kifua kikuu. Vipimo vya namna hiyo, pamoja na vile vya Mirerani vya mwaka 2003 na kazi ya Hospitali ya Kibong'oto, ndivyo vilivyochangia wachimbaji kuhesabiwa katika mpango wa taifa wa kifua kikuu kuwa kundi la kutafutwa waliko, wasingojewe mpaka waje hospitali. Mwenye mwana aliyerudi kutoka machimboni na kikohozi cha wiki mbili asimpeleke kwa mganga wa kienyeji.

Nani basi huuchukua utafiti na kuufikisha? Mara nyengine ni sisi watu wa dini. Mwaka 2008 BAKWATA pamoja na jumuiya mbili za Kikristo, CCT na TEC, walitoa ripoti juu ya namna taifa linavyopoteza mapato ya dhahabu. Mwaka huo ndio Kamati ya Jaji Bomani ilipotoa ripoti yake, na mwaka 2010 ikaja Sheria mpya ya Madini iliyopandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Hatusemi ripoti moja ndiyo iliyoleta sheria. Tunasema sauti ilikuwa na takwimu mkononi.

Hali kadhalika huko Mara. Mwezi Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara kuelekea mto Tigithe. Wataalamu wa Kitanzania walipima maji na udongo wa hapo na ripoti yao ikakabidhiwa CCT. Palikuwa na mabishano makubwa juu ya vipimo, kila upande na maabara yake. Mwezi Mei 2019 NEMC iliupiga mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvujisha maji ya bwawa la tope sumu. Miaka kumi, tena baada ya watu kuonyesha mto wao na watafiti kurudi tena na tena. Sehemu ya mabishano ingekwisha mapema kama pangekuwa na vipimo vya kutosha vya kabla ya mgodi, kwa sababu bila ya kujua maji yalikuwaje mwanzo, kila mmoja anaweza kudai ndivyo Mwenyezi Mungu alivyoyaumba.

Kwa watu wa Dodoma jambo hilo liko karibu. Bahi, magharibi ya mji, kampuni zilitafuta madini ya urani katika ardhi ambayo watu hulima mpunga. Mgodi haukufunguliwa. Huo ndio wakati wa kupima mionzi ya udongo na maji na kuyahifadhi majibu, sasa hivi pasipokuwa na mgodi. Na sisi wa visiwani, ambao uchimbaji wetu ni wa mchanga, kifusi na mawe, tungefanya vivyo hivyo kwa visima vilivyo jirani na mashimo.

Sasa turudi kwa suali la kwanza la mama yetu.

Kununua na kuuza dhahabu ni halali kwa asili yake, ikichungwa masharti ya biashara ya dhahabu tuliyoyaeleza mara nyingi. Kilichopo hapa ni namna anavyoichoma. Sheria yetu inakataza mtu kujidhuru na kuwadhuru wengine, na mafakihi wamekubaliana kwamba madhara huondolewa, na kwamba kuzuia madhara hutangulizwa mbele ya kutafuta faida. Pia tumeamrishwa kuwauliza wenye ujuzi katika tusiyoyajua. Madhara ya mvuke wa zebaki ni jambo la ujuzi wa madaktari, na madaktari wamekwisha kusema. Hivyo kuchoma ndani ya nyumba au uani, penye mke mjamzito na majirani ambao hawakuulizwa ridhaa yao, ni haramu kwake tangu alipojulishwa. Yaliyopita kabla ya kujua tunataraji hayana lawama. Fedha aliyoichuma kwenye biashara yenyewe hatuiharamishi kwa sababu hii peke yake. Wala hawezi kuitumia hoja ya dharura, kwani riziki yake haisimami juu ya kuchomea nyumbani. Anaweza kununua dhahabu iliyochomwa kwa chombo cha kukamata mvuke, au yeye mwenyewe akatumia chombo hicho mahali pa wazi palipo mbali na watu.

Na kungojea marufuku ya serikali si udhuru. Zamani katika miji ya Waislamu alikuwepo muhtasib akizunguka sokoni kukagua mizani na vyakula, lakini hakuna aliyesema kuwa maziwa yaliyotiwa maji ni halali mpaka muhtasib apite.

La kufanya leo, mama: mwanao aache kuchoma hapo usiku huu. Nguo alizovaa akichoma zifuliwe mbali na za mkewe. Mkwe wako apelekwe kliniki na amwambie muuguzi waziwazi kwamba nyumbani kumechomwa zebaki. Akikaa kimya, hakuna atakayemuuliza. Waombe daktari awaandikie, yeye na mumewe, kipimo cha zebaki kwa mkojo. Msikate tamaa, kwani zebaki iliyovutwa hutoka mwilini pole pole ikiwa mtu ameacha kuivuta, na baada ya kiasi cha miezi miwili nusu yake huwa imetoka. Dawa za kuitoa zipo, nazo ni za daktari tu. Msinunue chochote cha kusafisha damu kwa wauzaji wa mitaani, khasa mtu akiwa na mimba.

Ikiwa jirani mwengine hapo mtaani naye anachoma, mwendeeni kwa upole kwanza. Akikataa, nendeni ofisi ya mtaa. Mnaishi katika mji ulio na Bunge, Wizara ya Madini, Tume ya Madini na Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa nauli ya daladala. Mtu wa Rwamagasa hana ukaribu huo. Na watafiti wakija tena kuchukua mkojo wa kijana wako, awape, na awaulize kabla hawajaondoka ni siku gani watarudi kumsomea majibu.

Lile jiko la mkaa alilokuwa akichomea lisirudishwe jikoni kupikia.

WaLlahu a'lam.